Ukurasa Nilioung'oa kwenye Daftari la Nirig

Mwende,

Umetoka na Habiba kwenda sokoni kununua sanduku, nami najua Habiba akishaanza kubishania bei hamrudi kabla ya magharibi. Kwa hiyo nina saa mbili hivi. Stima imepotea, feni imekufa, jasho linadondokea karatasi. Mwandiko ukiharibika usidhani ni machozi. Machozi yako mbele, nikifika huko.

Sitakuambia habari za sweta, wala pasipoti uiweke wapi, wala ule nini. Hayo Habiba amekwambia mara mia, na kesho stejini ataongeza mia nyingine. Mimi nina jambo moja tu, na nimelificha miaka mitatu. Ile data ya mlipuko mkubwa wa nyota, ile ambayo watu wote wanasema uliipoteza wewe, hukuipoteza wewe. Niliipoteza mimi. Nilijua, nikanyamaza, nikakuacha ulibebe jina lile.

Na sasa unaenda nalo kwa wale wa ng'ambo waliounda setilaiti yenyewe. Wamekukubali usome kwao na ukae kwenye chumba chao cha kazi, lakini barua yao tuliisoma wote wawili: utasoma data, hutagusa amri za setilaiti. Ukasema, "Ni sawa tu, Baba," ukaendelea kuosha sufuria. Si sawa! Wameandika vile kwa sababu ya ripoti niliyowapelekea kwa mkono wangu. Usipoujua ukweli kabla ya kupanda basi, utafika huko ukiwa mtu wa kuogopa vidole vyake mwenyewe, na utabaki hivyo mpaka uzeeke.

Nitasimulia kana kwamba hukuwepo. Huenda siku moja ukataka kumwonyesha mtu barua hii, na sitaki akuchoshe kwa maswali. Aliyefanya ni mimi, acha nijieleze mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, Mkamba wa Mwingi, niliyeletwa Garissa kwa barua ya uhamisho nikiwa na suruali mbili na kiburi cha kujaza lori. Wanafunzi waliniita Radi. Nilijua wananiita hivyo na nilipenda. Radi akipita barazani darasa zima linanyamaza, nami nilidhani ule ukimya ni heshima. Nilichapa watoto wa watu, Mwende. Nilimchapa mtoto ambaye juzi yake alikuwa amemzika baba. Fimbo zilipopigwa marufuku shuleni nikatumia kiganja, maana kiganja ukikitia mfukoni hakuna mkaguzi anayekiona. Tabia hii niliirithi kwa babu yako. Alikuwa akituchapa kwa mpira wa gurudumu la baiskeli mpaka tunajikojolea, halafu anatuuliza tunalia nini. Niliapa sitakuwa kama yeye, na kweli mpira wa baiskeli sijawahi kuushika. Ona ujanja wa mtu! Nilikiapia chombo, mkono nikauacha.

Hata mama yako nilimpiga. Mara moja, kofi moja, kwa sababu ya ufunguo uliopotea. Akaenda kwao Mwingi miezi miwili, akarudi, lakini tangu siku hiyo nikiinua mkono hata kujikuna kichwa anafumba macho. Ulikuwa na miaka sita alipougua na kufariki, na mimi sijamwambia pole. Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kuisema. Hiyo siku nzuri sijaiona mpaka leo, na leo naandika kwenye joto, bila feni, bila siku nzuri.

Ulikuwa kidato cha pili chuo cha hapa Garissa, nilikohamia kufundisha, kilipowekewa kituo cha antena. Walitutaka kwa sababu tuko karibu na ikweta, na setilaiti yao inazunguka hukohuko juu ya ikweta. Kila baada ya saa moja na nusu na kidogo inatupitia juu, unazungumza nayo dakika kumi, halafu imezama. Ni kijisanduku tu, hakizidi mkate mrefu. Ndani kina fuwele zinazometa zikipigwa na miale ya gama. Kazi yake ni kungoja nyota zife.

Unakumbuka nilivyokueleza juu ya paa, wewe na sare yako ya shule? Nyota kubwa haifi kama mzee kitandani. Inajiporomokea yenyewe ndani kwa ndani, inapasuka, na kwa sekunde chache inatapika nguvu nyingi kuliko zote ambazo jua letu litatoa tangu kuzaliwa hadi kuzimika. Kilichokuwa karibu nayo hakipo tena. Na sisi, mbali huku, tunapata mistari miwili mitatu iliyoruka kwenye kioo cha kompyuta, tunapiga makofi.

Bishar ndiye aliyeipa jina. Fundi wetu Bishar, mwana wa wafugaji wa Griftu, mtu aliyeweza kufungua redio ya lori kwenye vumbi na kuifunga tena bila kubakiza skrubu hata moja. Aliiita Nirig, yaani ndama wa ngamia, kwa sababu inaenda mbali na inarudi yenyewe. Ikichelewa sekunde kumi mimi naanza kutukana, yeye anatafuna tu mswaki wake. "Mwalimu, hii ndama nabotea wabi? Ngoja, nakuja yenyewe." Na ikaja kweli. Wewe ndiye uliyekuwa ukiisikia kwanza. Kabla kompyuta haijaonyesha chochote ungeinua kidole, kichwa umekiinamisha upande wa kushoto kwenye spika, useme, ukimwita ami kwa Kisomali, "Adeer Bishar, imefika." Naye anageuka kwangu akiwa na meno yote nje. "Huyu mtoto masikio yake ni ya mfugaji. Nani amekudanganya ni Mkamba?"

Sikio la kushoto, Mwende. Ndilo ulilokuwa ukitegea.

Siku tulipopata mlipuko wetu wa kwanza, mstari uliruka juu, ukatetemeka, ukashuka. Mimi nilipiga kelele mpaka askari wa lango akaja mbio na bunduki. Bishar akasema tu, "Yule alikufa zamani sana. Sisi ndio tunabata simu leo." Nilicheka. Sijui nilicheka nini.

Sasa nieleze habari ya saa, kwa maana kosa lenyewe limelala hapo. Nirig haijui Garissa. Inakwenda kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Kenya kwa saa tatu. Na juu ya hiyo, sisi tunaosema Kiswahili tuna hesabu yetu, tunaanza moja baada ya jua kuchomoza. Kwa hiyo dunia ikisema nane na dakika kumi asubuhi, mshale wa saa ya ukutani kwetu uko kwenye kumi na moja, na mdomo wetu unasema saa tano na dakika kumi. Ni wakati uleule, nambari tatu. Ndiyo maana nilichukua kalamu nene nikaandika, nikabandika ukutani juu ya kompyuta: DAFTARI HALIJUI GARISSA. Daftarini, tunamoandika amri za Nirig, ni saa ya dunia tu, hakuna nyingine. Ni sheria yangu mimi. Nilikuwa nikiwakaripia nayo nyinyi wawili kila siku ya Mungu.

Na Nirig ina kumbukumbu ndogo. Kila inachokiona inakiandika, na baada ya saa kumi na mbili inaandika juu yake. Ukitaka dakika fulani zibaki unaitumia amri ya kulinda, ukizitaja dakika zenyewe. Ukitaja nyingine, zile ulizozitaka zimekwenda, na hakuna fundi wa kuzirudisha.

Siku ile ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unangoja matokeo, unashinda nami kituoni. Bishar alikuwa njiani kutoka Griftu. Alikwenda kumwona mama yake, anarudi kwa lori la mbuzi. Kama saa tano unusu hivi ujumbe ukaingia kutoka ng'ambo. Mlipuko mkubwa kuliko wowote waliotutumia habari zake. Setilaiti kubwa za wengine zilikuwa upande wa pili wa dunia, Nirig ndiyo iliyokuwa imeukabili vizuri. Walitaka tulinde kuanzia nane na dakika kumi hadi nane na dakika ishirini. Nikapiga meza kwa furaha. Nikavuta daftari, nikafungua kalamu, na simu ikalia.

Alikuwa mtu wa Modogashe, njiani huko, sauti yake siijui. "Mwalimu, lori ya Bishar nabigwa. Bomu ya barabara." Nikamwuliza yuko hospitali gani. Akasema hakuna hospitali. Akasema wanaokota, lakini mbuzi walikuwa wengi, na hawajui nyama gani ya mbuzi na gani ya mtu. Akaniuliza kama Bishar alikuwa na viatu vya rangi gani.

Nikamwambia, "Vyeusi. Vya kamba." Na huku simu iko sikioni, mkono wangu ukawa unaandika. Nilisoma ujumbe ule kwa macho, kichwa kikaupeleka nyumbani, kikaugeuza kuwa saa yetu, mkono ukaandika: LINDA 5:10 HADI 5:20. Niliandika vizuri, herufi kubwa, bila kufuta. Ni mkono wangu.

Nikakusukumia daftari. Ulilitazama, ukanitazama, ukafungua kinywa. Nikanguruma, "Tuma kama ilivyoandikwa! Usiniulize kitu!" Ukafunga kinywa. Nikatoka mbio kwenda kwa Habiba, mke wa Bishar, nyumba ya pili kutoka kwetu, nikamwambie kabla hajaambiwa na redio.

Unaona basi. Ulitaka kuuliza. Ungeuliza, yote haya yasingekuwepo. Miaka mingi nilijenga nyumba ambayo mtoto akitaka kuuliza swali la maana anafunga kinywa kwanza.

Tulimzika Bishar kabla ya magharibi, kile kilichoweza kupatikana. Nilisimama nyuma, sijui dua zao, nimekunja mikono. Nilitazama ile sanda ilivyokuwa fupi, na moyo wangu ukafanya kitu kibaya. Haukuvunjika. Ulitafuta mtu wa kupiga.

Asubuhi yake, kama saa tatu, tukashusha data. Ukaifungua. Mstari umelala, umenyooka, dakika kumi nzima hakuna kitu. Nikasema labda ni kasoro. Tukashusha tena. Hakuna. Ng'ambo wakauliza, mmelinda saa ngapi? Nikafungua orodha ya amri zilizotumwa, nikaona tano na dakika kumi, saa ya dunia. Na zile za kweli zilikuwa zimeshaandikwa juu tangu jana.

Nikauliza, "Nani ametuma hii?"

"Mimi, Baba. Lakini daftari lili..."

Hukumaliza. Kofi langu lilikupata shavuni na sikioni, kwa nguvu zote za mtu aliyetoka makaburini, ukaruka na kiti ukapiga kichwa kwenye chuma cha meza. Ulipojaribu kuinuka nilichukua kebo ya antena, ile nene nyeusi, nikakuchapa nayo. Mgongoni. Mikononi, ulipojikinga. Nilikuwa nikisema maneno, nayakumbuka yote. Nilisema umeiua nyota. Nilisema Bishar amekufa na wewe umemfuta. Ati umemfuta! Damu ilikuwa ikitoka sikioni mwako inaingia kwenye kola, nami naiona, na mkono unaendelea. Usije ukamwamini mtu akikuambia hasira ilimpofusha. Mimi nilikuwa naona kila kitu.

Habiba ndiye aliyenizuia. Ilikuwa siku yake ya pili ya eda, mjane hatoki, haonekani na mwanamume wa nje. Alitoka. Aliusukuma mlango na bega, nguo za msiba zimemlegea, akajitupa kati yetu, akavua kandambili akanipiga nayo usoni. Mara tatu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, hakupiga kelele hata kidogo:

"Mwalimu, wewe nataka maiti ngabi? Yangu hajatosha?"

Kebo ikaanguka yenyewe. Nilikaa chini kwenye saruji, na yeye akakubeba. Mwanamke ambaye jana yake alizika mume kwa vipande alikubeba mgongoni hadi barabarani akasimamisha gari.

Hospitalini, nilikowafuata, daktari akaniuliza nini kimetokea. Nikasema, "Ameanguka kutoka kwenye ngazi ya paa." Akakugeukia wewe. Uso wako ulikuwa umevimba kama andazi, jicho moja limefunga. Ukasema, "Ndiyo. Ngazi." Habiba alitema mate sakafuni, akatoka nje. Wiki mbili baadaye wakatuambia sikio la kushoto limekufa, si ngoma yake tu, hata ndani, halitarudi. Ukasema, "Ni sawa tu, Baba." Neno lako hilo. Kila nikilisikia nasikia kebo.

Nikaandika ripoti. Ng'ambo walitaka kujua. Nikaandika kwamba amri ilitumwa na mwanafunzi msaidizi bila kuhakikisha saa. Mistari minne. Nikaweka jina lako kamili, na sahihi yangu chini, Mwalimu M. Musyoka, msimamizi wa kituo.

Mpaka hapo, Mwende, mimi mwenyewe nilikuwa naamini. Nilikuwa nimelewa msiba, sikukumbuka nilichoandika. Kama ningekufa wiki ile ningekufa mjinga tu. Lakini mwezi haujaisha nikafungua daftari kutafuta kitu kingine, na ukurasa ukanitazama. LINDA 5:10 HADI 5:20. Herufi zangu. Juu yake, ukutani, maandishi yangu mengine: daftari halijui Garissa. Niliketi nikayasoma yote mawili tena. Nilijua papo hapo ninachopaswa kufanya. Nyumba zetu ni hatua thelathini kutoka kituoni, ulikuwa jikoni unapika ugali, ningefika kabla haujaiva.

Niliung'oa ule ukurasa. Nikaukunja mara mbili. Nikautia nyuma ya cheti changu cha ualimu, ndani ya fremu ya sebuleni, ile unayoipangusa vumbi kila Jumamosi. Miaka mitatu umekuwa ukilipangusa jina lako.

Kwa nini sikuuchoma? Nimejiuliza sana. Ningependa kukuambia ni dhamiri. Nadhani ni ualimu tu, mwalimu hachomi karatasi yenye alama.

Na wewe ulijua. Usinikatalie. Siku moja nilirudi ghafla nikakukuta umeinamia daftari, unahesabu kurasa kwa kidole, umefika pale palipobaki ukingo uliochanika. Ukalifunga taratibu. Ukaniuliza kama nitakunywa chai. Nikasema ndiyo. Tukanywa chai! Tangu siku hiyo, kila nikikutajia saa, unauliza, "Saa ya dunia, Baba?" kwa sauti ya kawaida kabisa, nami najibu, "Saa ya dunia." Mara ngapi? Na hakuna hata mara moja uliyonigeuzia macho. Nilikuwa naona afadhali unirushie kiti.

Hilo ndilo linalonitisha leo kuliko sikio, Mwende. Sikio nililiua kwa dakika moja. Lakini kukufunza kumlinda mtu aliyekuumiza, hiyo ilinichukua miaka mitatu, kila siku, kwa chai. Utakutana huko na watu wengine kama mimi. Watakuwa wanavaa vizuri, wanasifiwa, wanajua kazi yao. Mmoja atakuambia usiniulize. Muulize. Mbele ya watu, kwa sauti, hata kama mikono inakutetemeka. Na mtu yeyote asikufanye useme ngazi tena. Mume asikufanye, bosi asikufanye, mimi nisikufanye. Sina jingine la kukufundisha. Fizikia unaijua kunizidi.

Sasa nikuambie nilichofanya, kabla hamjarudi.

Leo asubuhi ulipokuwa unaagana na wenzako, niliifungua ile fremu. Nikaupiga ukurasa picha, nikawapelekea wale wa ng'ambo, nikawaandikia kwamba ripoti yangu ilikuwa ya uongo na kwamba niliujua uongo wake. Nikawaeleza saa zetu tatu, na nani aliandika, na nani alitaka kuuliza akanyamazishwa. Nikaandika pia kwamba hapakuwa na ngazi. Niliandika kebo, nikaandika sikio. Barua hiyohiyo nikampelekea mkuu wa chuo mkononi, nikasimama mbele yake akiisoma. Alisoma mara mbili. Akaniambia niache funguo za kituo Jumatatu, na kwamba mengine yatafuata. Nikasema sawa. Nilipotoka nilipita hospitali, nikaomba waandike maneno yangu kwenye faili lako pale palipoandikwa ngazi. Karani akanishangaa, lakini akaandika. Siku yoyote ukitaka kwenda nalo polisi, lipo, na mimi nipo, sitakimbilia Mwingi.

Ng'ambo hawajajibu. Huenda wakajibu ukiwa hewani. Huenda wasibadilishe kitu, maana ile nyota haitakufa mara ya pili ili tujaribu tena, wala Bishar. Lakini ukikaa kwenye kile chumba chao, na mtu akasema huyu ndiye aliyepoteza ule mlipuko, utakuwa na karatasi. Ukurasa wenyewe nimeushonea ndani ya kitambaa cha koti lako, upande wa kulia. Mishono ni mibaya, utanisamehe hiyo. Hiyo tu. Hayo mengine sikuombi, na Habiba akikuambia unisamehe kwa kuwa mimi ni mzazi, mwambie nimekukataza kuharakishwa.

Jumapili jioni nitaipigia Nirig mara ya mwisho, dakika kumi. Nitaisikiliza kwa spika, bila kutazama kompyuta. Mimi sikuwahi kuisikia kabla yako, sijui kama nitaweza. Nilikuwa nimekuzoea uniambie imefika.

Kuna jambo hujaligundua, au umeligundua ukanyamaza kama kawaida yako. Miaka yote hii mitatu, tukitembea, tukikaa kanisani, tukingoja gari, mimi huwa upande wako wa kulia. Nilijiambia ni ili unisikie bila taabu. Uongo. Ni ili nisilione lile sikio jingine.

Nasikia Habiba anacheka huko langoni, kwa hiyo sanduku limepatikana kwa bei yake. Nitaiweka barua hii juu ya mto wako. Isome leo au kesho au ukishafika, ni yako.

Kesho stejini nitasimama upande wako wa kushoto. Kuna neno nitalisema, lile nililochelewa kumwambia mama yako. Nitalisema kwa sauti yangu ya kawaida, mara moja, palepale nilipopiga, na najua hutalisikia. Usijilazimishe. Panda basi lako. Ukitaka kulisikia, geuka wewe mwenyewe.

Baba yako,
Musyoka